Kinywa cha Mtoto Hakifunguliwi kwa Nguvu

Mama msomaji, na wewe baba, na wewe nkambo umshikaye mtoto magotini, maneno haya ni yenu ninyi watatu. Mama akiyasoma peke yake hayatasaidia sana, maana katika nyumba zetu za Katuba na Kenya na Ruashi mtoto mchanga halishwi na mtu mmoja. Hulishwa na nyumba nzima, na mara nyingine na jirani pia.

Nataka kusema juu ya mtoto anayerudisha maziwa. Amenyonya vizuri, amewekwa begani, na mara maziwa yanatoka kinywani, pengine puani pia, yanalowesha kikwembe cha mama. Saa moja baadaye ni vile vile. Mama anaogopa. Nkambo anasema, "Tumbo la mtoto huyu limeharibika." Baba anauliza kama maziwa ya mama ni mabaya. Basi hapo ndipo taabu inapoanza. Nami nasema wazi: mara nyingi taabu kubwa haitoki tumboni mwa mtoto. Yatoka katika hofu ya wakubwa, nayo humwingia mtoto kwa njia ya kijiko.

Watu wa pwani wana maneno mawili. Mtoto akirudisha maziwa kidogo bila kujikaza, wao husema anacheua. Akiyatoa kwa nguvu kwa sababu ya ugonjwa, husema anatapika. Wengi kati yetu hapa Lubumbashi hutumia neno moja tu, kutapika, kwa mambo yote mawili, na neno hilo latisha. Yafaa tujifunze lile la kwanza, kwa maana tukimwita mtoto mgonjwa tutamtendea kama mgonjwa, hata kama ni mzima.

Tazama jinsi mwili ulivyofanywa. Njia ya chakula hushuka kutoka kooni mpaka tumboni. Mwisho wa njia ile, pale inapoingia tumboni, uko msuli unaobana kama mdomo wa mfuko uliovutwa kwa kamba. Chakula kikiisha kupita, msuli hufunga kisipande tena. Katika mtoto mchanga msuli huu haujakomaa. Hulegea wakati usiofaa. Tena chakula chake ni maji matupu, tumbo lake ni dogo, naye hulala karibu mchana kutwa. Je, ni ajabu maziwa yakipanda? Katika watoto 10, wasiopungua 4 hucheua hivi. Mara nyingi huanza kabla ya juma la 8, na huzidi karibu na mwezi wa 4. Katika kila watoto 10 wenye hali hii, kama 9 huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka 1. Hawakuponywa na mtu. Walikua tu, wakaanza kukaa wenyewe, wakala chakula kizito, na msuli ukapata nguvu.

Kwa hiyo mtoto anayecheua, lakini anacheka, anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na kilo zake zinapanda kwenye karatasi ya kupimia, huyo si mgonjwa. Dawa yake ni kitambaa cha kufutia.

Hata hivyo sisemi kwamba kila kutapika ni kucheua. Kuna dalili ambazo ukiziona usingoje kesho, wala usingoje fedha ya teksi ipatikane yote. Omba msaada kwa jirani uje. Kama kitu anachotapika ni cha rangi ya majani, au kina damu, au kinafanana na kahawa iliyosagwa, njoo. Kama mtoto wa majuma 2 hadi 8 anatapika kwa kishindo, maziwa yanaruka mbali, na kila mara baada ya kutapika anataka kunyonya tena kwa njaa, huenda njia ya kutokea tumboni imebana, na huyo huhitaji kupasuliwa. Kama ana homa, njoo, kwa sababu hapa Katanga malaria haimwachi hata mtoto mchanga, na malaria hutapisha. Kama tumbo limevimba na ni gumu, kama utosi umevimba au umebonyea, kama anahema mbio, kama amelegea haamki kunyonya, kama nepi imekaa kavu nusu siku, kama kuna damu katika choo, njoo. Na kama kilo hazipandi, njoo pia, hata kama mtoto anaonekana mwenye furaha. Hizo ndizo dalili za kuogopa. Maziwa begani si mojawapo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wako watoto ambao maziwa yakipanda huwachoma. Maji makali ya tumbo hupanda pamoja na maziwa, na njia ya chakula huumia. Mtoto huyo huanza kunyonya, halafu huliachilia titi ghafula, hulia, hujipinda mgongo nyuma kama upinde. Mtoto hana maneno, lakini ana kumbukumbu. Akiumia mara nyingi akiwa ananyonya, hujifunza kwamba kunyonya ni maumivu. Kesho akiona titi au chupa anageuza uso. Hapo nyumba nzima husema, "Mtoto amekataa kula! Atakufa!" Ndipo kazi ya nguvu huanza.

Nimeyaona mambo haya kwa macho yangu katika wodi na katika nyumba nilizotembelea, nami nitayataja, ili atakayejiona hapa aache. Mmoja hushika kichwa cha mtoto kwa nyuma na kukisukuma kwenye titi. Mwingine hubana pua, ili mtoto afungue kinywa apate pumzi, na hapo hapo uji humiminwa. Mwingine humlaza mtoto magotini, mikono imebanwa chini ya kwapa, na hummiminia kwa kiganja. Mtoto humeza ili asizame. Mwingine hutia chupa kinywani kila mtoto anapofungua kinywa ili alie. Yote haya hufanywa na watu wampendao mtoto. Nkambo aliyeketi kando ya mbabula akipasha uji moto saa tano za usiku hafanyi hivyo kwa uovu. Amezika watoto, naye aogopa kumzika huyu.

Lakini angalia kazi ya nguvu hiyo. Kwanza, maziwa au uji huweza kuingia katika mapafu. Mtoto hukohoa, na siku ya tatu ana homa na anahema mbio. Watoto wa namna hii nimewapokea, na wengine hatukuweza kuwarudisha kwa mama zao. Pili, mtoto ambaye jana aliogopa maumivu, leo anaogopa mambo mawili: maumivu na watu. Anaanza kulia anapoona kikombe. Analia akilazwa katika mkao wa kunyonyeshwa, hata kama chupa haijaonekana. Ananyonya tu akiwa amesinzia, kwa sababu katika usingizi hofu yake imelala pia. Ukiona jambo hilo la mwisho, mama, lifikiri sana. Mtoto anyonyaye usingizini na kukataa akiwa macho anakuambia kwamba tumbo lake linaweza kula, na kwamba kitu kilichoharibika ni kingine.

Kucheua huisha chenyewe. Hofu ya chakula haiishi yenyewe maadamu nguvu inaendelea. Nimeona mtoto mmoja wa Kampemba aliyeacha kucheua kabisa katika mwezi wa 7, lakini akiwa na mwaka 1 na nusu alikuwa bado anakimbia akisikia kijiko kikigonga sahani. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umeondoka zamani. Ule wa pili ulifanywa nyumbani.

Wengine wataniambia, "Wazazi wetu walitulisha hivyo na sisi tukakua." Nawajibu kwa heshima kwamba waliokua ndio wanaosimulia. Tena tabia hii haikutoka kwa wazee wetu peke yao. Katika mji huu, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, Union Minière du Haut-Katanga iliweka katika kambi zake za wafanyakazi kazi ya kupima watoto, na kuwapa maziwa na chakula kwa utaratibu wa kampuni. Daktari wake mkuu, Léopold Mottoulle, alitaka watoto waachishwe ziwa mapema kuliko desturi ya wenyeji. Kampuni ilitaka watoto wengi na wenye nguvu, maana wale watoto ndio wafanyakazi wa kesho. Mizani ile iliokoa watoto wengi, siwezi kuisema vibaya. Lakini pamoja na mizani lilikuja wazo kwamba mtoto ni kitu cha kujazwa, na mama ambaye mtoto wake hakupanda kilo alirudi nyumbani na aibu. Vitabu vya Ulaya vya miaka ile, kama mafundisho ya Truby King wa New Zealand, viliagiza mtoto anyonyeshwe kwa saa, kila saa 3 au 4, wala si kwa njaa yake. Wauguzi wengi walifundishwa hivyo, wakawafundisha akina mama. Kwa hiyo tusimcheke nkambo. Saa ya ukutani ililazimisha watoto kama kiganja chake.

Wakati ule ule yuko mtu aliyeuliza swali jingine. Mwaka 1928 daktari mwanamke wa Marekani, Clara Davis, aliandika habari za watoto waliokuwa wameachishwa ziwa karibuni. Aliwawekea mezani vyakula vingi vya kawaida, visivyochanganywa. Wauguzi waliamriwa wakae kimya na kijiko mkononi, wasimpe mtoto kitu mpaka mtoto mwenyewe akinyoshee mkono, wala wasimsihi. Siku moja mtoto alikula sana kitu kimoja, siku nyingine akakiacha. Walikua vizuri. Bila shaka vyakula vyote vilivyowekwa pale vilikuwa vizuri, na si kila nyumba ya Katuba ina meza kama ile. Lakini jambo moja lafaa hata kwa nyumba yenye uji na ndakala tu: mkubwa achague kitakacholetwa, mtoto aseme ni kiasi gani kinamtosha.

Sasa dawa. Mtoto akicheua, wengi hukimbilia bomba, yaani humtia maji ya majani kwa nyuma ili kusafisha tumbo. Tumbo halikuwa chafu. Bomba humkausha mtoto maji, na majani mengine huchoma utumbo. Katika Rwanda, na kwa ndugu wengine wa Kivu, na katika Tanzania, hukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa sababu mtoto anatapika au hataki kunyonya. Katika Uganda hung'oa meno machanga ndani ya ufizi na kuyaita ebinyo. Watu wa Tanzania husema ni meno ya plastiki. Watoto wametokwa na damu hata kufa, na wengine wamepata pepopunda. Baada ya kukatwa koo, mtoto aliyekataa kunyonya atapenda kunyonya vipi?

Wala usifikiri kwamba duka la dawa ni salama kwa sababu lina rafu za kioo. Metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Primpéran, ilikatazwa mwaka 2013 na shirika la Ulaya linalosimamia dawa kwa watoto walio chini ya mwaka 1, maana huweza kukaza shingo na uso na kupindua macho. Omeprazoli nayo haizuii maziwa kupanda. Hupunguza ukali wa maji ya tumbo tu, na mtoto anayecheua bila taabu nyingine haimsaidii. Daktari anaweza kumpa mtoto mwenye maumivu ya kweli, baada ya kumpima. Usinunue kwa kuwa mtoto wa jirani alipewa.

Basi tufanye nini? Mtoto anayecheua tu, mnyonyeshe kidogo kidogo na mara nyingi. Kichwa chake kiwe juu ya tumbo wakati wa kunyonya. Akimaliza, mshike wima kifuani pako kama nusu saa, ukimgonga mgongo polepole atoe hewa. Usimfunge mgongoni mara moja baada ya kunyonya, maana kikwembe kikikazwa hubana tumbo na maziwa hupanda. Wala usimwogeshe na kumkanda tumbo saa hiyo. Kamba ya kiunoni isikaze. Akilala, alale chali, mahali palipo sawa, bila mto, hata kama anacheua. Wengi huogopa kwamba atapaliwa. Lakini mtoto mzima alalaye chali hulinda koo lake mwenyewe, na kulala kifudifudi ndiko kunakoua. Mvuta sigara avutie nje, mbali na mtoto.

Kama ananyonya ziwa la mama, usiliache kwa sababu anacheua. Maziwa ya mama si mabaya, baba usiseme hivyo. Ukiyaona yamechanganyika kama jibini, ni kwa sababu yameanza kusagwa tumboni. Kama ni maziwa ya kopo, mara nyingi kosa ni wingi. Mtoto wa kilo 4 hutosheka na karibu mililita 600 kwa siku nzima, zigawanywe mara 7 au 8. Anayepewa chupa kubwa na kusukumwa aimalize atarudisha ziada, na watu watasema anaumwa. Usitie uji katika chupa kabla ya miezi 6 ili maziwa yawe mazito, isipokuwa daktari amekuagiza. Tena chupa ni ngumu kusafisha, hasa siku ambazo maji ya bomba hayaji na unachota kwa ndoo. Kikombe kidogo kisicho na pembe ni rahisi zaidi.

Na yule ambaye amekwisha kuogopa? Kwanza mlete apimwe, tujue kama kuna ugonjwa, na tujue kilo zake. Usijaribu maneno yafuatayo bila mizani, hasa kama hajatimiza miezi 3. Tukiisha kumpima na kuona kwamba mwili wake hauna hatari, nguvu yote ikome siku hiyo hiyo. Si nusu. Kama mama ameacha lakini nkambo anaendelea mchana mama akiwa sokoni, mtoto hawezi kujua ni mkono upi wa kuamini. Msogezee titi au kikombe akiwa na njaa na akiwa ametulia. Mguse mdomo, ungoje. Akifungua, mpe. Akigeuza uso, umekwisha. Ondoa, mbebe, imba, toka naye uani. Usifuate kinywa chake. Baada ya saa moja au mbili jaribu tena. Mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi nyakati zisizo za chakula, bila kumpa kitu, ili ajue kwamba kifua cha mama si mahali pa vita. Kama ananyonya akisinzia, mnyonyeshe hivyo kwa muda, kwa upole, huku ukijaribu tena akiwa macho. Maziwa ya titi lililokataliwa yakamue, yasikauke.

Siku mbili tatu za kwanza huenda akala kidogo kuliko zamani. Hizo ndizo siku ngumu, na ndizo ambazo nyumba hukata tamaa na kurudi kwenye kijiko. Hesabu nepi zilizolowa. Zikipungua 6, au akilegea, mlete hospitali mara moja. Tunaweza kumpa maziwa kwa mpira mwembamba wa puani kwa muda, na hilo si adhabu wala mwisho wa kunyonya. Lakini akikojoa vizuri, vumilia. Wengi huanza kusogea wenyewe kabla juma la pili halijaisha, wengine huchukua majuma mengi.

Ikifika miezi 6, usicheleweshe chakula kwa sababu ulimwogopea. Mwaka 1964 madaktari Illingworth na Lister wa Uingereza waliandika kwamba uko wakati ambapo mtoto hujifunza kutafuna kwa urahisi, na ukipita ni vigumu kumfundisha. Mpe uji mzito kidogo, ndizi iliyopondwa, bukari laini na mchuzi wa lengalenga. Acha ashike mwenyewe, ajipake usoni, amwage. Kula kwake kwa siku za kwanza ni kucheza, na sakafu itafagiliwa.

Kwa akina mama wa kanisa wanaokwenda kumtazama mzazi nina ombi moja. Mnapoingia watano, kila mmoja na shauri lake na chupa ya majani katika mfuko, mama yule huanza usiku wa hofu. Mwulizeni kama amelala. Fueni vikwembe vyake, maana nyumba ya mtoto anayecheua ina nguo nyingi za kufua. Mshikeni mtoto wima ile nusu saa ili mama ale chakula chake kikiwa moto.

Na siku ya kupima watoto, ile tunayoiita CPS, mama asije peke yake. Aje na nkambo, na baba kama hayuko kazini. Leteni karatasi ya mtoto, na kile kikombe au chupa mnayotumia. Tutawaomba mmlishe mbele yetu, nasi tutakaa kimya na kutazama mikono yenu.